Walter Rodney: Mwanahistoria aliyeuliza kwa nini mkulima habaki na kitu

Mkulima wa pamba, kahawa, korosho au mkonge analijua swali hili hata kama hajawahi kulisoma kitabuni. Mazao yanatoka shambani kwa magunia, yanapakiwa kwenye lori, yanapanda meli, na aliyeyalima anabaki na jembe lake la mkono. Kwa nini?

Mwaka 1972 mhadhiri mmoja kijana wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alitoa kitabu kilichojaribu kulijibu swali hilo kwa ushahidi wa karne tano. Jina lake Walter Rodney. Hakuwa Mtanzania wala hakuzaliwa Afrika. Miaka minane baadaye aliuawa kwa bomu katika mji aliozaliwa, akiwa na umri wa miaka 38 tu.

Msikilizaji wetu, katika makala haya tunayafuata maisha ya Rodney kutoka Guyana hadi Dar es Salaam na kurudi Guyana. Tunaeleza alichokifanya, alichokosolewa, na jinsi kifo chake chenyewe kilivyogeuka kuwa historia iliyofichwa kwa miaka mingi.

Alizaliwa wapi?

Walter Anthony Rodney alizaliwa tarehe 23 Machi 1942 mjini Georgetown, Guyana, upande wa kaskazini wa Amerika Kusini. Wakati huo nchi hiyo ilikuwa koloni la Uingereza. Baba yake alikuwa fundi cherehani na mama yake alikuwa mshonaji. Haikuwa familia ya watu wenye mali.

Ili kumwelewa Rodney, tuitazame kwanza nchi yake. Pwani ya Guyana iko chini kuliko usawa wa bahari. Mashamba ya miwa yaliyoitajirisha Ulaya yalipatikana baada ya watumwa kutoka Afrika kuchimba mifereji na kujenga kingo za kuzuia maji. Rodney mwenyewe baadaye aliandika kwamba watumwa hao walihamisha tani zisizopungua milioni 100 za udongo mzito, wakitumia sepetu na mikono yao. Utumwa ulipokwisha katika miaka ya 1830, wenye mashamba walianza kuleta vibarua wa mkataba kutoka India. Ndiyo maana hadi leo wananchi wengi wa Guyana ni wenye asili ya Afrika na wenye asili ya India, na wanasiasa wamekuwa wakiwagombanisha ili watawale.

Baba yake Rodney alikuwa mwanachama wa chama kilichodai uhuru na kilichowaunganisha watu wa asili zote mbili. Walter akiwa na umri wa miaka 11 alitumwa kugawa vipeperushi vya chama hicho nyumba kwa nyumba. Hapo alianza kuona mlango upi unafunguliwa kwa ukarimu na mlango upi unalindwa na mbwa.

Aliingiaje katika historia ya Afrika?

Rodney alikuwa na akili nyingi darasani. Alipata nafasi katika Queen's College, shule iliyosifika sana mjini Georgetown, kisha ufadhili wa kwenda chuo kikuu huko Mona, Jamaika. Alihitimu mwaka 1963 akiwa na daraja la kwanza katika somo la historia. Kutoka hapo alikwenda London kusomea shahada ya uzamivu.

Alichagua kuchunguza pwani ya Guinea ya Juu, yaani eneo la Afrika Magharibi linaloanzia Gambia hadi kusini mwa Sierra Leone, kati ya mwaka 1545 na 1800. Wafanyabiashara wa Kireno ndio walioacha maandishi mengi ya mwanzo kuhusu eneo hilo. Rodney hakutaka kutegemea tafsiri za watu wengine. Alijifunza Kireno na Kihispania, akaenda katika hifadhi za nyaraka za Ureno na Hispania, akasoma barua, hesabu za meli na taarifa za wafanyabiashara wa watumwa.

Katika karatasi hizo aliona jambo lililowagusa Waafrika wenyewe. Wasomi kadhaa wa Ulaya walizoea kusema kwamba utumwa ulikuwapo Afrika tangu zamani, na kwamba Wazungu walinunua tu kilichokuwa sokoni. Rodney alionyesha kwamba katika eneo alilolichunguza, biashara ya ng'ambo ndiyo iliyoukuza utumwa wa ndani. Lakini hakuwaficha machifu na matajiri wa Kiafrika walioshirikiana na wanunuzi na kuwauza watu wa chini. Aliwataja na kuwalaumu.

Mwaka 1966 alipata shahada ya uzamivu akiwa na miaka 24. Mwaka huohuo alipata kazi ya kufundisha Dar es Salaam.

Kwa nini Jamaika ilimfukuza?

Safari hiyo ya kwanza ya Tanzania ilikuwa fupi. Mwanzoni mwa mwaka 1968 Rodney alirudi Jamaika kufundisha katika chuo alichosoma. Mchana alifundisha wanafunzi. Muda mwingine alikwenda mitaa ya watu maskini ya Kingston, akakaa nao vijiweni, wakiwamo wafuasi wa Rastafari ambao serikali na watu wenye uwezo waliwadharau. Huko alieleza habari za falme za Afrika, na yeye akasikiliza habari za maisha yao.

Serikali ya Jamaika iliingiwa na hofu. Mwezi Oktoba 1968 Rodney alikwenda Montreal, Kanada, kuhudhuria mkutano wa waandishi weusi. Aliporudi tarehe 15 Oktoba alizuiwa kushuka katika ndege. Mke wake, Patricia, alikuwa amebaki Kingston. Kesho yake wanafunzi waliandamana, watu wa mitaani wakaungana nao, na mji ukaingia katika ghasia.

Mazungumzo yake ya vijiweni yalichapishwa mwaka 1969 mjini London katika kitabu kidogo, The Groundings with my Brothers. Waliokichapisha ni Wakaribea waishio Uingereza, wakiwamo Jessica na Eric Huntley, waliokasirishwa na kufukuzwa kwake. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa shirika lao la uchapishaji, Bogle-L'Ouverture. Mwaka huo wa 1969 Rodney alirudi Tanzania.

Alifanya nini Dar es Salaam?

Aliikuta Dar es Salaam ikiwa imechangamka. Azimio la Arusha lilikuwa limetangazwa Februari 1967. Vyama vya ukombozi vya kusini mwa Afrika, kama FRELIMO cha Msumbiji na ANC cha Afrika Kusini, vilikuwa na ofisi mjini. Chuo kilichokuwa Mlimani kilibishana usiku na mchana juu ya ujamaa na ukoloni mamboleo.

Idara ya historia nayo ilikuwa katika kazi kubwa. Vitabu vya shule vya wakati wa ukoloni viliifanya historia ya Afrika ianze pale Mzungu alipofika. Wasomi wa Dar es Salaam, wakiwamo Isaria Kimambo na Arnold Temu, waliamua kuandika historia ya Tanzania inayomweka Mwafrika katikati. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wanafunzi wa idara hiyo walikwenda vijijini kusini mwa nchi kukusanya masimulizi ya wazee juu ya Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907. Mzee wa kijijini asiyejua kusoma akawa shahidi wa kuaminiwa chuoni.

Rodney alifundisha katika mazingira hayo. Alikuwa karibu na wanafunzi wa kundi lililoitwa USARF, ambalo kiongozi wake alikuwa kijana wa Uganda, Yoweri Museveni, aliyekuja kuwa rais. Wanafunzi hao walikuwa na jarida lao, Cheche, lililopigwa marufuku mwaka 1970.

Kazi yake moja isiyotajwa sana inawahusu moja kwa moja watu wa vijijini Tanzania. Pamoja na Kapepwa Tambila na Laurent Sago, Rodney aliandika juu ya vibarua wa mashamba ya mkonge wakati wa ukoloni. Wazee wetu waliwaita manamba, kwa sababu kila kibarua alipewa namba. Waliandikishwa mbali, katika maeneo kama Kigoma na Rukwa, wakasafirishwa hadi kwenye mashamba kama yale ya Tanga. Maeneo waliyotoka yakabaki bila nguvu ya vijana, na hivyo yakazidi kuwa nyuma. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 1983, miaka mitatu baada ya Rodney kufa.

Kitabu chake kikubwa kinasema nini?

Kitabu kilichompa jina duniani ni How Europe Underdeveloped Africa, yaani namna Ulaya ilivyoidumaza Afrika. Kilitolewa mwaka 1972 na Bogle-L'Ouverture la London pamoja na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam. Maneno ya mwisho ya kitabu yaliandikwa na Abdulrahman Mohamed Babu wa Zanzibar.

Tuueleze ujumbe wake kwa mfano wa nyumbani. Kuna mtoto aliye mdogo kwa sababu hajafikia umri wa kukua. Na kuna mtoto aliyedumaa kwa sababu chakula chake kililiwa na mwingine. Ukiwaona kwa mbali unaweza kudhani wako sawa. Wasomi wengi wa wakati ule waliiona Afrika kama mtoto wa kwanza: imechelewa tu, itakua. Rodney alisema Afrika ni mtoto wa pili. Utajiri wa Ulaya na umaskini wa Afrika, kwake, vilikuwa mambo mawili yaliyotengenezwa kwa wakati mmoja, na kimoja kilikilisha kingine.

Anaanza kwa kuonyesha kwamba Afrika ilikuwa na maendeleo yake kabla ya Wazungu: wahunzi, wafumaji, wakulima waliojua udongo wao, na dola zenye utawala. Hata sisi tunaweza kuongeza mifano ya karibu. Wafipa wa Rukwa walifuma vitambaa vya pamba na kuyeyusha chuma katika matanuru marefu ya udongo. Bidhaa za viwandani za Ulaya zilipofurika, ufundi wa namna hiyo ulikosa soko na watoto wakaacha kuurithi.

Kisha anaeleza biashara ya watumwa. Hasara yake, anasema, haihesabiwi kwa idadi ya watu waliochukuliwa peke yake. Waliochukuliwa walikuwa vijana wenye nguvu, wale ambao wangelima, wangejenga na wangebuni. Waliobaki waliishi kwa hofu, na hofu haijengi.

Baada ya hapo anaingia katika ukoloni. Anatazama reli na barabara, akauliza zinaelekea wapi. Karibu zote zilishuka pwani. Tukichukua mfano wa kwetu, reli ya kutoka Mombasa ilifika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam ilifika Kigoma mwaka 1914. Njia hizo zilijengwa kubeba mazao na askari, na hazikulenga kumwezesha mkulima wa wilaya moja kuuza chakula kwa jirani yake wa wilaya ya pili.

Anatazama pia mishahara. Mchimba makaa ya mawe wa Enugu, Nigeria, alilipwa kiasi cha shilingi moja kwa siku kwa kazi ya chini ya ardhi. Mchimbaji wa Uskoti au Ujerumani, kwa kazi ya namna ileile, alikaribia kupata kwa saa moja kile ambacho mwenzake wa Enugu alikipata kwa wiki ya siku sita. Anayataja na makampuni, hasa Unilever, akieleza jinsi sabuni na siagi ya mimea ya Ulaya zilivyotegemea mawese na karanga za wakulima wa Afrika waliopangiwa bei na mnunuzi.

Na mwisho wa hesabu hiyo yote anamrudia mkulima. Miaka ya ukoloni ilipokwisha, magunia yasiyohesabika yalikuwa yameshavuka bahari, lakini wakulima wengi walikuwa bado wanalima kwa jembe la mkono kama walivyoanza.

Kitabu hakina tanbihi nyingi za kitaalamu. Rodney alifanya hivyo kwa makusudi. Alitaka kisomwe na mwalimu wa shule ya msingi, mfanyakazi wa bandarini na mwanafunzi, na aliweka mwishoni mwa kila sura maelezo mafupi ya vitabu vya kusoma zaidi.

Alikosolewa kwa lipi?

Kukosolewa kulianza mapema. Mwaka 1969 Rodney alitoa hoja katika semina ya vijana mjini Dar es Salaam, akizishambulia serikali za Afrika zilizopata uhuru wa bendera bila kubadilisha maisha ya watu. The Nationalist, gazeti la chama tawala cha TANU, lilimjibu kwa tahariri kali. Alipokwenda Makerere, Uganda, alipambana kwa hoja na Profesa Ali Mazrui wa Kenya, ambaye hakukubaliana na msimamo wake wa kijamaa.

Wanahistoria wengine wamesema kitabu chake kinaitupia Ulaya lawama nyingi mno na kuwapunguzia mzigo viongozi wa Afrika. Wengine wanasema aliziamini kupita kiasi nchi za kijamaa za wakati wake, kama Muungano wa Kisovieti na China, akaziona kuwa njia iliyonyooka.

Ukosoaji huo una uzito, na msomaji wa leo anapaswa kuubeba pamoja na kitabu. Lakini tuseme pia kwamba Rodney hakuwasamehe watawala weusi, na alichokifanya baada ya kuondoka Tanzania kinathibitisha hivyo.

Kwa nini aliondoka Tanzania?

Rodney alikuwa na kazi, heshima na marafiki Dar es Salaam. Hata hivyo aliona kwamba anayetaka kufanya siasa na watu lazima aijue lugha yao hadi mafumbo yake, utani wake na yasiyosemwa. Kwa Kiswahili na kwa maisha ya Tanzania, alijiona bado mgeni. Mahali alipoyajua mambo hayo bila kufundishwa ni Guyana.

Mwaka 1974 aliteuliwa kuwa profesa wa historia katika Chuo Kikuu cha Guyana, naye akafunga mizigo. Nchi ilikuwa imepata uhuru mwaka 1966 na ilitawaliwa na Forbes Burnham, mtu mweusi aliyejiita mjamaa. Kabla Rodney hajaanza kazi, uteuzi wake ulifutwa.

Alikataa kuondoka. Alifundisha nje kwa vipindi vifupi ili familia ipate kula, na nyumbani aliendelea kuandika historia ya wafanyakazi wa Guyana, weusi na Wahindi kwa pamoja. Alijiunga pia na kundi la Working People's Alliance, lililowakusanya watu wa asili zote mbili dhidi ya serikali. Katika nchi iliyotawaliwa kwa kugawanywa, mikutano ambayo Mwafrika na Mhindi walisimama bega kwa bega ilikuwa tishio kubwa.

Alikufa vipi?

Julai 1979 ofisi za serikali mjini Georgetown ziliteketea kwa moto. Rodney na wenzake walikamatwa na kushtakiwa kwa uchomaji. Alizuiwa kusafiri, lakini mwaka 1980 alipenya hadi Zimbabwe, ambayo ilikuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, kisha akarudi nyumbani kukabili kesi.

Jioni ya tarehe 13 Juni 1980 alikuwa ndani ya gari na mdogo wake, Donald. Walikuwa wamepewa redio ya upepo na mtu aliyeitwa Gregory Smith, askari wa jeshi la Guyana aliyejua ufundi wa vifaa vya elektroniki. Ndani ya redio hiyo mlikuwa na bomu. Lililipuka likamuua Walter palepale. Donald alijeruhiwa. Smith alitoroshwa nje ya nchi, akaishi Guyana ya Ufaransa hadi alipofariki mwaka 2002 bila kufikishwa mahakamani.

Maelfu ya watu waliusindikiza mwili wake. Mwaka 1981 kilitoka kitabu chake juu ya historia ya wafanyakazi wa Guyana kati ya 1881 na 1905. Hakukiona kikichapishwa.

Ukweli ulichukua muda gani?

Serikali ya wakati huo ilikana kuhusika. Donald, aliyenusurika, ndiye aliyetiwa hatiani kwa kukutwa na kilipuzi. Uchunguzi wa mwaka 1988 ulisema kifo cha Walter kilikuwa ajali. Na katika cheti cha kifo, mbele ya neno kazi, mwanahistoria huyo aliyesomwa dunia nzima aliandikwa kuwa mtu asiye na kazi.

Patricia Rodney, watoto wake na marafiki hawakunyamaza. Mwaka 2014 iliundwa tume ya uchunguzi. Ripoti yake ya mwaka 2016 ilieleza kwamba Smith alisaidiwa na vyombo vya dola, na kwamba mpango wa namna hiyo usingefanyika bila Burnham kujua. Mwaka 2021 Mahakama ya Rufaa ilimfutia Donald hatia aliyoibeba kwa karibu miaka 40. Mwaka huohuo serikali ya Guyana ilitangaza kwamba cheti cha kifo kitarekebishwa: mahali pa kazi kisomeke profesa, na sababu ya kifo isomeke kuwa aliuawa.

Msikilizaji wetu, ujana wake Rodney aliutumia kusoma karatasi zilizoandikwa na wafanyabiashara wa watumwa, akitafuta humo maisha ya watu ambao karatasi hizo hazikuwajali. Alipokufa, karatasi yake mwenyewe iliandikwa uongo, na ilichukua miaka 41 kwa serikali kukubali kuisahihisha. Kilichosaidia ni watu waliokumbuka, wakasema, na wakaandika.

Huenda kijijini kwako yupo mzee ambaye baba yake alikuwa manamba, au bibi anayekumbuka bei ya pamba ya miaka ya 1950 na nani aliyeipanga. Simu uliyonayo mkononi inarekodi sauti. Muulize, mrekodi kwa ridhaa yake, na uandike tarehe na jina la mahali.